Wakigombana Wakubwa, Sisi Twapata Nini?



Ukikaa siku hizi katika baraza lolote la Kigoma au Ujiji, baina ya Adhuhuri na Alasiri, hukosi kuyasikia maneno haya: "Waache wakubwa wagombane, hapo ndipo sisi tunapopata." Wanaoyasema hawakosi ushahidi. Watakutajia reli ya kisasa inayojengwa kutoka Tabora kuja Kigoma na makampuni ya Kichina, kwa mkataba uliotiwa saini Desemba 2022. Watakutajia nikeli ya Kabanga, huko kwa jirani zetu wa Ngara, ambayo Wamarekani wanaitaka ili Wachina wasiimiliki peke yao. Kisha watacheka na kusema kwamba mwerevu ni yule anayewachonganisha mafahali wawili akakamua maziwa pembeni. Mafahali wana maziwa tangu lini, hilo hawalisemi.

Maneno haya yametoka barazani yakaingia magazetini na redioni, na vijana wanayachukua kama elimu. Kwa hiyo yanastahili kupimwa. Tena yapimwe kwa insafu, maana yamo ndani yake mambo ya kweli, na mwenye kukataa kweli kwa sababu imesemwa na mpinzani wake hafai kushika kalamu.

Tuanze na mambo yaliyotokea hapa hapa ufukweni, ambayo wazee wetu waliyaona kwa macho yao.

Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914. Mjerumani alitandika zaidi ya kilomita 1,200 za chuma kutoka Dar es Salaam mpaka ziwani, na hakuyafanya hayo kwa mapenzi ya watu wa Ujiji. Ng'ambo ya ziwa alikuwako Mbelgiji na utajiri wa Kongo, kusini alikuwako Mwingereza, na kila mmoja alikuwa akimchungulia mwenzake. Mwaka 1913, huko Papenburg katika Ujerumani, ikaundwa meli ya chuma, ikajaribiwa, ikafumuliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari, ikapakiwa treni, na ikaunganishwa upya hapa Kigoma. Iliposhuka majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, vita vilikwisha kuanza, nayo ikafungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyofia Rufiji. Mwingereza naye hakukubali kushindwa. Akaleta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kwa njia ya Afrika ya Kusini, akaziburura juu ya milima ya Kongo mpaka ziwani, mwaka huo huo wa 1915.

Msomaji wangu, hebu lipime jambo hili. Katika muda usiofika miaka mitatu, ziwa ambalo watu wake walikuwa wakivuka kwa makasia na tanga lilijazwa ufundi wa hali ya juu kabisa wa zama zile: mashine za mvuke, mota za petroli, mizinga, na simu za upepo. Fedha zilimwagwa kama maji. Angekuwako siku hizo yule msemaji wetu wa baraza angepiga makofi.

Je, ufundi huo ulimfikia nani? Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili adui asiipate, na inasimuliwa kwamba kabla ya kuizamisha waliipaka mashine zake mafuta mazito ili zisiliwe na kutu. Waliokuja kuiopoa ni Waingereza, mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mbelgiji kwa upande wake akapewa na Mwingereza, kwa mapatano ya 1921, gati zake mwenyewe katika Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Ilipatikana reli, ikapatikana meli, zikapatikana gati. Chuo cha kumfundisha kijana wa Kigoma kuunda meli hakikupatikana, kwani hakuna dola hata moja katika zile tatu iliyoogopa kushindwa na mwenzake kwa kukosa chuo hicho. Tulirithi chombo, na tumshukuru Mola kwacho, kwani Liemba imewabeba wazazi wetu na wakimbizi na magunia ya dagaa kwa vizazi kadhaa. Ujuzi wa kukiunda ulibakia Papenburg.

Huo ndio msingi wa hoja yangu. Fedha inayotolewa kwa kumhofu mshindani hupimwa kwa mahali alipo mshindani. Haipimwi kwa haja ya wenyeji. Hufika haraka sana, hujenga kitu kikubwa cha kuonekana, na huondoka siku hofu inapoondoka au inapohamia pengine.

Tazama Zanzibar. Mwaka 1960 Wamarekani walikuwa katika mbio za anga na Warusi, wakahitaji vituo vya kufuatilia vyombo vyao vinapoizunguka dunia. Kimoja kikajengwa Tunguu, Unguja. Kituo hicho kilikuwa ncha ya sayansi ya wakati ule, na kilikuwa katikati ya mikarafuu. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964, haukupita muda kikafungwa na vyombo vikaondolewa. Huko Tunguu hakikubaki cha kumfundishia mtoto hesabu za nyota, ambazo mashekhe wetu walizijua kwa kutafutia kibla na mwandamo wa mwezi.

Baada ya hapo wakaja Wajerumani wawili. Wa Mashariki akawa rafiki wa Zanzibar, akajenga nyumba za ghorofa. Wa Magharibi akashika kanuni yake kwamba anayemtambua ndugu yake hasimu hatapata kitu kwake. Mwaka 1965, baada ya Ujerumani ya Mashariki kuruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, Bonn ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akajibu kwamba kama msaada una kamba, basi na uliobaki wauchukue. Mwisho wa mwaka huo huo, kwa ajili ya Rhodesia, tukavunja uhusiano na Uingereza na mkopo wake wa pauni milioni 7.5 ukasimama. Wale wanaotuambia leo kwamba kukaa kati ya mafahali ni biashara nyepesi, wauangalie mwaka 1965.

Sasa nitoe haki ya upande wa pili, kwani najua msomaji amekwisha kuuliza: na TAZARA je?

Naam, TAZARA. Hapa wasemaji wa baraza wana hoja nzito. Mwaka 1967 China ilikubali kutukopesha sisi na Zambia, na mkopo wenyewe ukawa Yuan milioni 988 zisizo na riba, kulipwa katika miaka 30. Jambo la kukopesha bila ya riba, hata likitoka kwa asiyeamini, sisi tunalijua thamani yake. Kilomita 1,860 zikakamilika, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa. Tena Wamarekani, walipoona Mchina anatandika reli, wakatia fedha katika barabara kuu iendayo Zambia, na Benki ya Dunia ikafanya hivyo, na hali bomba la mafuta lilikuwa limekwisha kujengwa na Wataliani mwaka 1968. Kusini mwa nchi yetu kukawa na reli, barabara na bomba, karibu sambamba. Bila ya ugomvi wa wakubwa hayo yote yasingepatikana kwa pamoja. Nakubali.

Lakini tazama tofauti iliyopo baina ya hili na lile la Kigoma. Haja ilikuwa yetu kwanza. Zambia ilikuwa inabanwa na Rhodesia na Wareno, na Kaunda na Nyerere walikwisha kuamua kuwa wanataka reli, wakaenda kuwaomba wa Magharibi wakakataliwa. Benki ya Dunia ilisema haina faida. Ndipo walipokwenda Beijing. Kwa hiyo ugomvi wa wakubwa ulikuta meza imekwisha kuandaliwa na wenyewe. Aliyejua anachotaka kabla ya mgeni hajabisha hodi ndiye aliyefaidi.

Hata hivyo, na tuende mbele kidogo. Wachina walipojenga waliacha pia vitu ambavyo havipigwi picha sana: chuo cha reli huko Mpika, na karakana ya zana huko Mang'ula. Hivi ndivyo vilivyokuwa mbegu ya uvumbuzi. Fundi anayeweza kuchonga kipuri leo, kesho atakibadilisha kiwe bora kuliko cha awali, na huko ndiko kuvumbua. Reli imetukuzwa kwa nyimbo na sherehe, na Mang'ula ikaachwa ikafa. Vichwa vya treni vya awali vilipoonekana havina nguvu ya kutosha kwa milima ile, dawa ikatafutwa Ujerumani ya Magharibi. Moshi nako kilijengwa kiwanda cha zana, Kilimanjaro Machine Tools, kwa msaada wa Bulgaria, siku ambazo nchi za kambi ile zilitaka kuonyesha kwamba ujamaa unaweza kutengeneza mashine. Ilipoanguka kambi yenyewe kuanzia 1989, kiwanda kikabaki kama yatima, na miaka mingi kikalala. Hapa siwezi kuwalaumu Wabulgaria peke yao. Mashine zilikuwa zetu, ardhi yetu, na vijana wetu. Kilichokosekana ni mtu wa kwetu aliyezihesabu mashine zile kuwa ni mali kuliko jengo.

Linganisha na kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Nacho kilitoka katika zama hizo hizo za ugomvi. Ukuta wa Berlin ukabomoka, Ujerumani mbili zikawa moja, na kitivo kikaendelea kutoa wahandisi, kwa sababu kilichowekwa pale kilikuwa ndani ya vichwa vya watu.

Katika fiqhi yetu liko neno rasilmali, na maana yake ni kichwa cha mali. Katika mudharaba mwenye mali hutoa rasilmali, mwenye kazi hutoa kazi yake, faida hugawanywa kwa fungu lililotajwa tangu mwanzo, na ikitokea hasara bila ya uzembe wala hiyana humshukia mwenye mali. Kwa hiyo mwenye mali huliangalia duka. Hujiuliza: linauza? Fundi ni hodari? Mwenye fedha ya ushindani hufanya jambo jingine. Amekufungulia duka kwa kuwa hasimu wake amefungua la kwake upande wa pili wa njia, na macho yake yako kule. Hasimu akifunga, naye hana sababu ya kuendelea kulipa pango lako. Duka lako lilikuwa zuri au baya, hilo halikumshughulisha tangu mwanzo.

Na hayo si hadithi za zamani. Reli ya Benguela, itokayo Lobito katika Angola kwenda kwenye shaba ya Katanga, ilianzwa na mtaji wa Waingereza, ikaharibiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo wakubwa walivichochea kwa silaha, ikajengwa upya na Wachina, kazi iliyokamilika kiasi cha mwaka 2014. Sasa juu ya reli hiyo hiyo Marekani ikaahidi mkopo wa dola milioni 553, na rais wake Biden akafika Lobito kwa mguu wake Desemba 2024. Haukupita mwaka, China nayo ikarudi TAZARA: Septemba 2025 kampuni yake ikatia saini mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua na kuiendesha kwa miaka 30. Shaba ile ile inavutwa huku na huku, mmoja akiipeleka Atlantiki na mwingine Bahari ya Hindi. Anayetengeneza betri na waya kwa shaba hiyo hayuko Kolwezi wala Mbeya.

Kabanga inafundisha zaidi. Mwaka 2021 Serikali yetu iliingia mapatano na wawekezaji wa ng'ambo, ikajiwekea hisa asilimia 16, na ikasisitiza kwamba madini yasafishwe nchini, Kahama, kwa ufundi mpya wa kutumia maji na kemikali badala ya tanuri. Hapa Serikali inastahili pongezi, maana imedai ufundi pamoja na fedha. Kampuni kubwa ya BHP ikatia mtaji. Machi 2023 Makamu wa Rais wa Marekani, Kamala Harris, alipofika Dar es Salaam akautaja mradi huo kwa fahari. Kisha ikatokea nini? Viwanda vya Indonesia, vilivyojengwa kwa mtaji wa Kichina, vikaimwaga nikeli sokoni mpaka bei ikaporomoka. BHP ikafunga machimbo yake ya nikeli Australia mwaka 2024, na mwaka 2025 ikaliuza fungu lake la Kabanga na kuondoka. Mradi haukufa kwa hilo. Lakini kijana wa Ngara aliyekuwa anangoja kujifunza ufundi wa Kahama anatakiwa ajue kwamba riziki yake ya elimu imefungwa kwenye kamba ambayo ncha yake moja iko Jakarta na nyingine Washington.

Sasa nirudi kwetu Kidahwe, kwa jambo dogo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nimekwambia reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Umeme wa gridi ya Taifa umefika mkoa wetu mwaka 2022. Baina ya hayo mawili ni miaka 108. Muda wote huo mji ulipokuwa na umeme uliupata kwa majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ilisafirishwa kutoka pwani. Njia kubwa ya kilovolti 400, kilomita 280 kutoka Nyakanazi mpaka kituo chetu cha hapa Kidahwe, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na wa Korea ya Kusini. Hawa hawakuwa wakigombea ziwa na mtu. Uchelewaji ule una sababu: giza la Kigoma halikumtisha mkubwa yeyote. Mjerumani aliogopa Mbelgiji asimtangulie, akaleta reli. Nani aliogopa mtoto wa Kidahwe asisome usiku?

Mwaka 2008 Wamarekani, kwa mpango wao wa dola milioni 698 kwa Tanzania nzima, walikusudia kutujengea umeme wa maporomoko ya Igamba katika Malagarasi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mtoni mna samaki na konokono wasiopatikana pengine, mradi ukaachwa, badala yake tukaletewa sola za mashule na zahanati. Siwalaumu kwa kuwahurumia konokono, nao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu. Nasema tu kwamba mwaka 1915, walipokuwa wakishindana, hakuna aliyewauliza konokono.

Ninaye kijana aliyesoma juzuu zake kwangu, sasa ni fundi mjini. Wavuvi wa dagaa, kama unavyojua, huwavuta dagaa kwa mwanga usiku wa giza, na miaka mingi walitumia karabai. Kijana huyu hutengeneza taa za betri za kuvulia, na amebuni namna ya kuzifunika zisiingie maji mashua inapopigwa na wimbi. Taa zake zinadumu. Alikwenda kutafuta mtaji katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Akaulizwa hati ya nyumba. Nyumba hana, amepanga. Akaulizwa kama ana mshirika wa nje. Akarudi nyumbani akanihadithia huku akicheka, lakini nilimwona usoni si mtu wa kucheka. Fedha aliyoiomba isingenunua hata mita tano za ile reli inayopita karibu na kwao.

Hapo ndipo maneno ya barazani yanapokosea, na kosa lenyewe ni letu kabla ya kuwa la wakubwa. Nchi za Afrika ziliafikiana Lagos mwaka 1980 kwamba zitatenga asilimia 1 ya pato lao kwa sayansi na ufundi. Sisi tulikwisha kuwa na SIDO tangu 1973, tukaanzisha TIRDO mwaka 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986. Majina tunayo, wataalamu tunao, ile asilimia 1 hatujaifikia mpaka leo. Fedha hiyo ndiyo peke yake isiyomwangalia mshindani wa mtu. Ndiyo ingemtazama fundi wa taa za dagaa na kumuuliza swali lililo haki yake: taa yako inadumu masiku mangapi majini? Kila mwaka tunapoipunguza tunasema tungoje wafadhili, na wafadhili wenyewe wako Lobito wanatazamana.

Reli mpya ikifika Kigoma itakuwa na vichwa vya umeme, mitambo ya ishara na karakana. Nimesoma habari zake nyingi. Zimeandikwa kilomita, zimeandikwa dola bilioni 2.2, zimeandikwa mbio za treni kwa saa. Bado sijaona mwandishi aliyeuliza ni vijana wangapi wa Kigoma wamepelekwa kujifunza mitambo ya ishara, na karakana ya hapa itaruhusiwa kuchonga vipuri gani. Wewe unayesoma, kama unaye mbunge au diwani unayemjua, swali hili halihitaji elimu kubwa kuuliza, na wakati wake ni kabla chuma hakijatandikwa mpaka ziwani.